Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Woodes Rogers na Maharamia wa Nassau

Ndugu mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu na wazazi wetu, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia maonyesho. Mada tuliyoichagua kwa kura mwaka huu ni maisha ya Woodes Rogers, nahodha wa Bristol, Uingereza. Tuliulizwa Mzungu huyo anatuhusu nini. Jibu limo humu.

Ndugu mgeni rasmi, mwezi Agosti 1708 Rogers aling'oa nanga na meli mbili, Duke na Duchess, akiwa na kibali cha serikali cha kuteka meli za Hispania na Ufaransa, nchi zilizokuwa vitani na Uingereza. Bila kibali hicho, kazi ile ile ingempeleka kitanzini. Februari 1709, katika visiwa vya Juan Fernández, mbali na pwani ya Chile, alimwokoa Alexander Selkirk, baharia aliyeishi hapo peke yake miaka minne na ushei, akivaa ngozi za mbuzi. Desemba akateka meli ya Wahispania iliyotoka Manila, lakini risasi ikamvunja taya. Mdogo wake, John, alikuwa amekwisha kuuawa katika safari hiyo hiyo. Alirudi nyumbani mwaka 1711, dunia ameizunguka, na mabaharia wake wakamshtaki wakidai mgawo wao. Akafilisika.

Hapo ndipo alipokuja kwenye bahari yetu. Alikwenda Madagaska kununua watumwa na kuwauza katika makoloni ya Waholanzi huko Asia. Huko Madagaska alikutana pia na maharamia, akaamini kwamba wengi wangeacha wizi kama wangepewa msamaha. Wanaomsifu kwa wazo hilo hupita mbio mbio kwenye habari ya watumwa. Bango letu limeanza na watumwa.

Julai 1718 aliingia Nassau, mji wa visiwa vya Bahama karibu na pwani ya Amerika Kaskazini, akiwa gavana wa koloni hilo la Uingereza, na msamaha wa Mfalme George I mkononi. Haramia Charles Vane akaitia moto meli moja, akaielekeza kwenye meli za gavana, kisha akatoroka. Wengine wengi wakaupokea msamaha. Ndipo Rogers akafanya jambo lililoigawa klabu yetu: alimtuma Benjamin Hornigold, haramia aliyesamehewa, akawakamate wenzake wa zamani waliorudia wizi. Tarehe 12 Desemba 1718 wanane walinyongwa. Katika mdahalo wetu, kidato cha tatu walimwita Hornigold msaliti. Kidato cha nne wakajibu kwamba njia za mwizi anazijua mwizi. Mpaka leo hatujapatana.

Ndugu mgeni rasmi, maharamia hawakumshinda Rogers. Madeni ndiyo yaliyomshinda. Maradhi yaliwamaliza watu wake, London haikuleta fedha, naye akaikarabati ngome kwa fedha zake na za kukopa. Februari 1720 Wahispania waliishambulia Nassau, wakarudishwa. Pamoja na hayo, aliporudi Uingereza alitiwa gerezani kwa madeni yale yale. Mwaka 1729 alirejea Nassau kuwa gavana mara ya pili, safari hii kwa mshahara, akafia huko Julai 1732. Kaulimbiu ya Kilatini ya koloni, iliyotumika hadi Bahama ilipopata uhuru mwaka 1973, ilisema maharamia wamefukuzwa na biashara imerejeshwa. Biashara ya nini? Swali hilo tumeliandika kwa wino mwekundu, utaliona ukutani.

Klabu yetu ina changamoto moja kubwa. Ramani yetu ya dunia imechakaa, na Bahama imeangukia penye tundu, hivyo njia ya Rogers tumeichora kwa chaki sakafuni. Tunaomba utusaidie kupata ramani mpya, pamoja na kabati la vitabu lenye kufuli.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha ukumbini. Tafadhali usiikanyage Bahari ya Pasifiki, chaki yake bado mbichi.

Tunaomba kuwasilisha.