Shukrani kwa mama wa Mwanjelwa

Mama, jina lako sikuliuliza, na hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Ilikuwa tarehe 23 Desemba, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mvua inapiga mabati. Nilikuja na binti zangu wawili kushonewa magauni ya Krismasi. Mmoja nimemzaa. Mwenzake tumemuasili, amri ya Mahakama Kuu tuliipata mwaka huohuo, na kisheria ni mtoto wetu sawa na wa kuzaa.

Kitambaa kikapungua. Fundi akasema, watoto wakisikia, "Basi huyu wa kwako ashonewe, huyo mwingine umtafutie la mtumba." Binti yangu akaachia mkono wangu, akaanza kuzungusha kifungo cha sweta lake, kimya. Nami nikakosa neno. Hilo linaniuma hadi leo.

Wewe ukainuka. "Wa kwake yupi? Mimi naona mama na wanawe wawili." Ukafungua mfuko wako, ukatoa kitambaa chako, chekundu karibu kama changu, ukamwambia fundi akate cha kutosha. Hela ukakataa. "Kawanunulie mchele," ukasema, ukaingia mvuani.

Mama, ubarikiwe sana. Kanisani waliketi pamoja, magauni ya namna moja, ila la mmoja mkanda umekolea rangi kidogo. Usiku yule binti wa kifungo alilala na gauni lake, hataki kulivua!

Ukiyasoma haya, mwambie fundi yuleyule, anapajua kwetu Uyole. Mchele wa Kyela upo, na wajukuu zako wanakuulizia.