Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya: foleni ndiyo inayowachosha wapiga kura

Bwana Mwenyekiti,

Siku ya uchaguzi mkuu, Agosti 10, 2027, haijafika, na watu wamekwisha kuchoka. Kila mara, mshindi hajaapishwa, kampeni za uchaguzi unaofuata huwa zimeanza matangani na kwenye harambee. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa karibu asilimia 86 mwaka 2013, karibu 78 Agosti 2017, na karibu 65 mwaka 2022. Kila idadi inaposhuka, dawa inayotajwa ni elimu ya uraia: malori ya muziki, fulana, matangazo redioni. Hatuyapingi. Ila sisi tunaoketi vituoni kama makarani wa tume na mawakala wa vyama tunaona kwamba sehemu kubwa ya uchovu huu hutengenezwa mlangoni mwa kituo, na hapo muziki hausaidii.

Tupige hesabu. Sheria hairuhusu kituo kimoja kuwa na zaidi ya wapiga kura 700. Milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, ikafungwa saa kumi na moja jioni. Hizo ni dakika 660. Wakija asilimia 65 tu ya 700, ni watu 455, yaani kila mmoja ana chini ya dakika moja na nusu kwenye kifaa cha KIEMS, kile kinachomtambua mpiga kura kwa alama ya kidole. Ambaye alama yake ya kidole inasomeka mara ya kwanza hana tatizo. Tatizo ni mchuma majani chai, fundi wa mawe, na mzee ambaye ngozi ya vidole imelainika. Karani hujaribu kidole gumba, cha shahada, mkono wa pili. Anapangusa kioo, anarudia. Mwishowe ndipo anaingiza namba ya kitambulisho na kujaza Fomu 32A, ya mpiga kura ambaye kidole kimekataa kusomeka, mbele ya mawakala. Dakika tano zimekwenda, na walio nyuma wameanza kunung'unika.

Tunaomba agizo la maandishi, lisilotegemea huruma ya msimamizi wa kituo: vidole viwili, kila kimoja mara mbili, kisha namba ya kitambulisho. Fomu ijazwe na karani wa pili kwenye meza ya kando, mahali mawakala wanapoona, huku kifaa kikimhudumia anayefuata. Na kila meza iwe na kitambaa chenye maji na kingine kikavu. Jasho na vumbi huharibu asubuhi nzima, na vitambaa viwili bei yake haifikii hata ya fulana moja.

Shule yenye wapiga kura wengi hugawanywa kuwa vituo kadhaa kwa kufuata herufi za majina. Orodha hubandikwa ukutani, maandishi madogo, mbele yake watu hamsini. Mtu anasimama saa mbili, akifika mezani anaambiwa laini yake ni ile ya darasa la pili. Wengine hapo hufunga safari ya nyumbani. Mwekeni karani mmoja nje mwenye orodha iliyochapishwa, apite kwenye foleni tangu saa kumi na moja alfajiri akiangalia vitambulisho na kuelekeza watu. Hiyo si kazi ya polisi, wala ya wakala wa chama.

Kuhusu daftari la karatasi, yaani orodha ya wapiga kura iliyochapishwa, tafadhali msingoje siku yenyewe. Mwaka 2022 vifaa vilikwama Kakamega na sehemu za Makueni, na vituo zaidi ya 200 vikaruhusiwa kutumia daftari hilo baada ya watu kusubiri sana. Vifaa vingi vilinunuliwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Vikirudishwa 2027 vitakuwa na miaka kumi, na betri ya miaka kumi haiaminiki. Tangazeni mapema: kifaa kikizima, cha akiba kifike ndani ya muda gani, na baada ya muda huo nani anafungua bahasha ya daftari bila kupigia Nairobi simu.

Karatasi za kura nazo zifunguliwe mapema, mbele ya mawakala, japo pakiti moja kwa kila kiti. Mwaka 2022 uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega uliahirishwa siku moja kabla kwa sababu ya picha na maelezo yasiyo sahihi kwenye karatasi hizo. Wapiga kura wakaitwa tena Agosti 29. Mfanyakazi wa kibarua haombi ruhusa mara mbili kirahisi.

Halafu kuna uchovu wa makarani, ambao hauzungumzwi. Anayefungua kituo alfajiri ndiye anayehesabu kura za viti sita na kujaza fomu usiku wa manane. Kosa la tarakimu moja kwenye Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, siku hiyo hiyo linageuka ushahidi wa wizi mitandaoni, hata kama ni usingizi tu. Leteni makarani wawili wapya saa kumi jioni. Mmoja asome tarakimu kwa sauti, mwingine aandike, kisha wabadilishane kabla mawakala hawajatia sahihi. Na nakala ziwatoshe mawakala wote. Anayeondoka mikono mitupu ndiye anayeamini uvumi.

La mwisho ni usajili. Kutoka Illeret, Marsabit, hadi mji wa North Horr, ndani ya eneobunge hilo hilo, ni zaidi ya kilomita 100 ukipima hewani. Ofisi moja ya usajili kwa eneobunge ina maana Nairobi, kule haina. Vivyo hivyo kwa aliyehamia Mombasa kikazi na jina lake bado liko Busia: uhamisho humtaka afike mwenyewe, siku ya kazi, saa za kazi. Fungueni Jumamosi, na ratiba ya timu zinazozunguka ibandikwe kwa chifu na sokoni wiki mbili kabla.

Mkishavijaribu vifaa, chapisheni matokeo kwa kila eneobunge: vingapi vimewaka, vingapi vimekataa, na betri imedumu saa ngapi.

Makarani na mawakala wa vituoni