Haki ya tiketi ya kusubiri iandikwe katika barua ya kustaafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloweza kuonekana dogo kwa mtu asiyewahi kufanya kazi ya ndege, lakini ambalo sisi tuliostaafu katika kazi hiyo hapa Mombasa tunakutana nalo kila tunapotaka kwenda kumwona mtoto, kuhudhuria maziko au kutafuta matibabu. Ni ile nafuu ya nauli ambayo mashirika ya ndege huwapa wafanyakazi na wastaafu wa mashirika mengine, kwa sharti kwamba msafiri asubiri na apande tu ikiwa kiti kimebaki. Kazini tuliizoea kwa jina la stendibai. Nilifanya kazi miaka 27 katika uwanja wa ndege wa Moi, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa kwenye kaunta ya abiria, kwa shirika la kigeni ambalo sitalitaja kwa kuwa ninayoyasema yanayahusu mashirika mengi. Nilistaafu nikiwa na kadi ya mstaafu mfukoni na neno la mdomo kutoka kwa mkubwa wangu kwamba mambo yangu ya tiketi yataendelea kama yalivyokuwa. Neno hilo la mdomo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza niseme juu ya dhana ninayoisikia barazani, kwamba wastaafu wa ndege husafiri bure na kwamba tunakalia viti vya watu waliolipa. Yote mawili si kweli. Abiria aliyelipa nauli yake ya kawaida, hata akinunua tiketi saa ya mwisho, anatutangulia. Kazi ya kufunga safari nimeifanya kwa mikono yangu na ninajua mpango wake. Kwa safari za nje, kaunta hufungwa kiasi cha saa moja kabla ya ndege kuondoka. Hapo karani huhesabu waliofika na wasiofika, huulizia uzito wa mizigo na shehena, kisha ndipo hufungua orodha ya wanaosubiri. Wafanyakazi wa shirika lenyewe hutangulia kwa daraja zao, wastaafu wa shirika hilo kwa kawaida huwafuata, na wanaotoka mashirika mengine ndio wanaoshika mkia. Kiti tunachopewa sisi ni kile ambacho, mlango wa ndege ukishafungwa, hakiwezi tena kuuzwa kwa yeyote na kwa bei yoyote.

Wakati mwingine hata hicho hatukipati ingawa tunakiona kitupu. Uwanja wa Jomo Kenyatta kule Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, hasa jua linapokuwa kali, kwa hivyo ndege inayokwenda mbali ikiwa na mafuta mengi huenda ikalazimika kuruka na uzito pungufu. Msafiri wa kusubiri ndiye uzito wa kwanza kupunguzwa. Halalamiki, kwa sababu tangu mwanzo aliambiwa hana haki ya kiti: akiachwa halipwi fidia wala hapewi chumba cha hoteli, na akilala, atalala kwa gharama yake mwenyewe.

Wala si bure. Zamani nafuu iliyojulikana zaidi ilikuwa ID90, yaani msafiri hupunguziwa asilimia 90 ya nauli kamili, na nauli kamili hiyo ilikuwa ile ya juu kabisa ambayo abiria wa kawaida aghalabu hailipi. Siku hizi mashirika mengi yamejiunga na mpango uitwao ZED, ambao hupanga nauli kwa kanda za umbali, si kwa bei ya soko. Una viwango vitatu, cha chini, cha kati na cha juu, na kila mashirika mawili hukubaliana ni kiwango gani watu wao watatozwa. Juu ya nauli hiyo huongezwa kodi na ada za viwanja, ambazo mstaafu huzilipa sawa na abiria mwingine. Kuna safari fupi ambazo kodi na ada huishinda nauli yenyewe. Ni nafuu kubwa hata hivyo, nami sitaki msomaji adhani ninaidharau. Bila hiyo wengi wetu tusingeweza kuvuka bahari kwa pensheni tunayopokea.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii. Shirika linalonibeba halinijui mimi. Linamjua mwajiri wangu wa zamani, na ndiye aliyewekeana nalo mkataba. Mstaafu hana mkataba wake binafsi na shirika lolote lile jingine. Ananing'inia kwenye mkataba wa watu wawili ambao yeye si mmoja wao. Shirika moja huwapokea wastaafu wa mwenzake pamoja na wake zao au waume zao, jingine huwapokea wafanyakazi walio kazini tu, na jingine hubadili sharti hilo mkataba unapopitiwa upya. Tovuti kama myIDTravel, ambayo mashirika mengi huitumia kwa tiketi hizi, haimfungulii mtu mlango mpaka mwajiri wake awe amemsajili na kuthibitisha kwamba anastahili. Kwa maneno mengine, mwajiri wa zamani akikaa kimya, au akikusahau, au akifunga ofisi, milango ya mashirika mengine yote hujifunga siku hiyo hiyo.

Na mashirika hufungwa. Sisi wa Afrika Mashariki tulilijua hilo mapema, kwa sababu East African Airways, iliyoanza mwaka 1946, ilisambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya iliyokuwa ikiimiliki. Pan Am ya Marekani ilisimama Desemba 1991. Swissair ikamaliza safari zake mwaka 2002, Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001 na haikuruka tena hadi 2019, na Alitalia ikaondoka angani Oktoba 2021. Mkataba hauwezi kuishi baada ya mmoja wa wenyewe kufa, na hapo sina wa kumlaumu. Ninachokisema mimi kinahusu shirika lililo hai, linaloruka kila siku, lenye mikataba na wenzake, ila limefunga ofisi yake ya Mombasa na kuwaacha watu wake wa hapa bila anwani ya kubishia hodi.

Hilo ndilo lililonipata. Miaka michache baada ya kustaafu kwangu, shirika langu liliacha kuleta ndege Mombasa. Ofisi ya mjini ikafungwa, meza na makabati yakauzwa, na majalada yetu tukaambiwa yamepelekwa makao makuu Ulaya. Kadi yangu ilibaki halali, tarehe yake haijafika. Binti yetu, anayekaa na mumewe Muscat, akajifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mwana akijifungua mamake huenda kumkanda, kumpikia uji wa pilipili manga na kukaa naye mpaka arubaini itimie. Mke wangu alikuwa ameshafunga kila kitu ndani ya kikapu: habbasoda, mdalasini, tangawizi iliyokaushwa na kusagwa, kopo la samli lililozungushwa kanga mbili lisivujie nguo.

Nikaketi mbele ya kompyuta ya kijana wa jirani nikaingia kwenye tovuti. Nywila yangu ilikuwa imekwisha muda. Nikabonyeza pale pa kuomba nyingine, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba ujumbe wa kubadili nywila umetumwa kwa anwani yangu ya barua pepe ya kazi. Anwani hiyo ilikuwa ya ofisi ya Mombasa. Nilikaa nikiyatazama maneno hayo, kwa sababu ndani ya ofisi hiyo sasa kuna duka la simu, na barua yangu ilikuwa imetumwa mahali ambapo hapana mtu wa kuipokea. Nikaandika makao makuu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jibu lilifika baada ya wiki 11, likiniomba nakala ya barua ya kustaafu inayotaja haki yangu ya usafiri. Barua yangu ya kustaafu inataja kiinua mgongo na siku za likizo zilizosalia. Juu ya usafiri haisemi lolote.

Wakati huo wote mtoto hakungoja. Tulitafuta fedha za nauli ya kawaida zikatosha mtu mmoja, kwa hivyo mke wangu akaenda peke yake na arubaini ilikuwa imeshapita. Aliporudi aliniambia kwamba katika ndege aliyopanda, safu yake yote alikuwa yeye peke yake, na safu ya nyuma yake ilikuwa tupu kabisa. Mimi nilikuwa Changamwe, nikisikia ndege zikishuka Port Reitz.

Yangu ni afadhali, maana hatimaye nimesajiliwa tena. Mwenzangu mmoja, tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja yeye akiwa upande wa mizigo, alifariki na kumwacha mjane ambaye sasa anaishi Kisauni. Mjane huyo alikuja nyumbani na mkoba wa ngozi wa marehemu, ndani yake mna cheti cha ndoa, cheti cha kifo na kadi ya mstaafu iliyofifia picha. Alitaka kujua tu kama kadi ile bado ina maana. Mashirika mengi huwa na kanuni kuhusu mke au mume aliyefiwa, mengine humpa muda maalumu na mengine humpa mpaka atakapoolewa au kuoa tena, ila ni lazima ajiandikishe kwa jina lake. Tulipouliza kwa niaba yake tukaambiwa muda wa kujiandikisha umepita. Hakuna aliyemwambia kwamba muda huo ulikuwapo. Alikuwa eda wakati unapita.

Kwa hivyo ninaloliomba ni jambo moja, nalo halimgharimu mwajiri zaidi ya karatasi na uaminifu: haki ya usafiri ya mstaafu iandikwe ndani ya barua yake ya kustaafu. Iandikwe ni ya miaka mingapi au ni ya maisha, inamhusu nani katika jamaa zake, inampa nafasi kwenye ndege za shirika lake pekee au na za wengine, na akifa mwenzi wake afanye nini na ndani ya muda gani. Iandikwe pia jina la idara, si jina la mtu, itakayothibitisha haki hiyo makao makuu hata kama ofisi ya hapa itafungwa kesho. Najua shirika haliwezi kuahidi kwa niaba ya mashirika mengine, na barua iseme hivyo wazi, kwamba orodha ya washirika itabadilika. Mstaafu mwenye akili timamu ataelewa. Kinachomvunja ni kupanga safari juu ya jambo alilodhani analo.

Anwani ya mstaafu kwenye tovuti iwe ya kwake binafsi tangu siku anayokabidhi kitambulisho cha kazi. Hili ni jambo la dakika tano, na kulikosa kulinigharimu mimi wiki 11. Kwa wazee wasiotumia kompyuta pawepo namba ya simu inayopokewa na mtu, kwa sababu wapo waliobeba mizigo ya ndege hizo tangu enzi za tiketi za karatasi na ambao leo hawajui nywila ni nini.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina sehemu yao. Nimesoma mikataba ya pamoja kadhaa katika miaka yangu ya kazi, na usafiri wa mfanyakazi aliye kazini huandikwa kwa kirefu, ila wa mstaafu hutajwa kwa sentensi moja au hautajwi. Wanaojadiliana leo ndio wastaafu wa kesho, na wakati wa kulidai ni sasa wangali na mtu wa kukaa naye mezani. Nawasihi hasa vijana walioajiriwa hapa hapa na mashirika ya kigeni, kwa sababu shirika la kigeni linaweza kuondoka Mombasa msimu mmoja tu biashara ikiwa mbaya, nao wakabaki.

Kwa wastaafu wenzangu nina neno fupi. Usisafiri kwa stendibai mwezi wa Desemba wala wakati wa shule kufungwa, wala usiondoke nyumbani bila fedha za nauli kamili ya kurudi, maana visa haikungoji kama wewe unavyoingoja ndege. Na kama kadi yako iko kabatini hujaitumia miaka miwili au mitatu, ingia leo ujaribu nywila yako, kabla hujapigiwa simu ya msiba.

Kwa niaba ya mjane wa Kisauni tumeliandikia shirika barua ya pili mwezi uliopita, tukaambatisha cheti cha ndoa na maelezo ya eda. Bado tunasubiri jibu.

Mstaafu wa usafiri wa ndege,
Changamwe, Mombasa.