Risala ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Wazazi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kutufikia msimu huu wa mvua, barabara ikiwa kama ulivyoiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chanjo ya surua na rubela hutolewa bure, mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Lakini bure hiyo huanzia mlangoni mwa zahanati. Mama wa ng'ambo ya mto hulipa bodaboda kwenda na kurudi, na siku hiyo kibarua kimempita. Akifika na mtoto mmoja, huambiwa arudi siku watoto watakapotosha kufunguliwa kichupa cha chanjo. Muuguzi hatumlaumu. Kichupa kina dozi 10, na kikishachanganywa, zinazobaki baada ya saa 6 hutupwa. Anaogopa kuulizwa dozi zimekwenda wapi. Mtoto aliyerudishwa nyumbani, hakuna anayemuulizia.

Mmoja wa akina mama hao alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu hakuwa na nauli. Kadi ya kliniki ameitunza kwenye mfuko wa nailoni, ameichomeka kwenye kenchi. Tulipoifungua, mstari wa miezi 9 ulikuwa mtupu. Surua ilipoingia kitongojini ilimkuta mwanawe amedhoofu kwa lishe duni, akilala chumba kimoja na watu watano. Ikamshuka kifuani ikawa nimonia, akalazwa. Alipona, ila jicho moja halioni tena, kwani surua ikimkuta mtoto aliyepungukiwa vitamini A hushambulia macho. Watoto wa hapa senta, ambao mama zao huvuka barabara tu kufika kliniki, wengi wao walikuwa wameshachanjwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na agizo hilo lije kwa maandishi ili muuguzi asiwe na hofu. Tunaomba pia huduma ya mkoba, yaani muuguzi kuwafuata watoto na chanjo huko waliko, ivuke mto kila mwezi, masika yakiwemo. Mafuta ya pikipiki yakipatikana, kuwakusanya watoto ni kazi yetu. Kila nyumba tunaijua.

Daftari tunalokukabidhi lina majina ya watoto wote wa ng'ambo ambao mstari wao wa surua bado haujajazwa. Tumeanza na wale ambao miezi 9 imeshapita.

Tunaomba kuwasilisha.