Mpwa wangu, swali lako lilikuwa kwenye ile simu

Mpwa wangu,

Marahaba. Rasimu yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umeniuliza kama inafaa kutumwa. Bado haifai. Nakujibu hadharani kwa sababu wewe ni wa tatu mwaka huu kuniletea barua ya maombi ya uzamivu wa afya ya umma inayoanza kwa maneno yale yale, na ninayokuambia wewe yanawahusu na wenzako.

Umeanza kwa kusema kwamba tangu utotoni umetamani kuokoa maisha ya watu. Ni kweli, nilikuwepo nikashuhudia. Lakini hebu jiweke kwenye kiti cha mhadhiri mwenye rundo la maombi mezani. Kila aliyeomba anataka kuokoa maisha. Akimaliza aya yako ya kwanza atajua una moyo mzuri, na hatajua kitu kingine chochote kukuhusu. Aya ya pili umeorodhesha kazi ulizofanya, ya tatu ukakisifu chuo chao. Mpaka mwisho wa ukurasa sikuona mahali uliposema unataka kujua nini.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyepita njia hiyo. Mara yangu ya kwanza niliomba vyuo vitano na vyote vitano vikanikataa. Barua yangu ilianza na kifo cha mdogo wangu, baba yako mdogo ambaye hukujaliwa kumwona. Nilijaza kurasa mbili. Hakuna neno la uongo mle ndani, na hadi leo sioni aibu kwamba nililiandika. Baadaye mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye jopo aliniambia kwa upole, "Tulikuamini, ila hatukujua tukupangie nani." Nilikaa na sentensi hiyo kwa wiki nyingi. Nilikuwa nimeomba kama mtu anayeomba nafasi darasani, kumbe uzamivu ni kama kwenda kwa fundi kujifunza ufundi: lazima awepo fundi anayefanya kazi unayotaka kujifunza, naye aone kwamba una kazi mkononi. Mwaka uliofuata niliomba tena nikiwa na swali moja tu. Kifo cha baba yako mdogo kilibaki kwenye barua, sentensi moja, mwishoni.

Sasa kumbuka ile simu yako ya mwezi uliopita. Ulitoka zamu umechoka na una hasira. Mama mmoja alifika na mtoto wa miezi tisa kwa chanjo ya surua, akapanga foleni tangu asubuhi, kisha akaambiwa arudi siku nyingine kwa sababu watoto hawajatosha kufungua chupa. Kwa asiyejua kazi yenu nieleze kidogo. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, huchanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa 6; inayobaki inamwagwa. Chupa ya dozi 10 ukiifungulia mtoto mmoja, tisa zinapotea. Shirika la Afya Duniani linataka chupa ifunguliwe hata kama mtoto ni mmoja, lakini muuguzi anayesemwa kila mwezi kwa upotevu wa chanjo, na asiye na hakika ya shehena ijayo, husubiri watoto wajikusanye. Nawe ukaniuliza, "Shangazi, hivi wale tunaowarudisha, huwa wanarudi kweli?"

Mpwa wangu, hilo ndilo swali lako. Umelibeba miaka yote hiyo kazini, umelisema kwa mdomo wako, halafu ulipokaa kuandika barua ukaliacha kwenye simu.

Huenda unaona ni dogo mno kwa shahada ya uzamivu. Nitakueleza kwa nini udogo huo ndio nguvu yake. Sote tulifundishwa habari za John Snow, daktari wa London, na bomba la maji la mtaa wa Broad Street, jinsi mpini wake ulivyoondolewa Septemba 1854 ili watu wasichote maji yake wakati kipindupindu kikiua watu London. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini kazi yake iliyonifundisha utafiti ni ile nyingine ya mwaka huo huo. Kusini mwa jiji, kampuni mbili za maji zilikuwa zimepitisha mabomba katika mitaa ile ile. Tajiri na maskini, nyumba kubwa na ndogo, mlango huu ulipata maji ya kampuni hii na mlango wa pili ya kampuni ile. Moja, ya Lambeth, ilikuwa imehamishia sehemu yake ya kuchotea maji juu ya mto Thames mwaka 1852, mbali na maji machafu ya jiji. Nyingine, ya Southwark na Vauxhall, iliendelea kuchota pale pale penye uchafu. Snow akaenda mlango kwa mlango kuuliza aliyefia humo alikuwa akinywa maji ya nani. Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko ule, nyumba 40,046 za Southwark na Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263, na nyumba 26,107 za Lambeth zilikuwa na vifo 98. Ukigawa, unapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande wa pili.

Tazama alivyouliza. Hakuuliza namna ya kutokomeza kipindupindu. Aliuliza watu wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa maji, je, wanakufa sawasawa? Swali lako linaweza kukaa hivyo hivyo. Kituo kimoja, akina mama wale wale, wauguzi wale wale; wengine wamefika siku chupa imefunguliwa, wengine siku haikufunguliwa. Mtoto wa siku ya pili anachanjwa akiwa na umri gani? Au hachanjwi kabisa? Na mama aliyewahi kurudishwa mara moja, anamleta mtoto kwa dozi ya pili ya surua kwa wakati? Hapo tayari una sura tatu za tasnifu, na vyuo vingi siku hizi hukubali tasnifu ya makala tatu zinazoshikamana.

Ulinganisho huo una tundu, na ni bora ulione wewe kabla ya msaili. Siku ya chanjo inayojulikana huenda inavuta akina mama wenye taarifa zaidi, na anayekuja siku nyingine akawa ndiye yule ambaye angechelewa kwa vyovyote. Lisemee jambo hilo kwenye barua, kwa sentensi mbili, na useme utalishughulikiaje. Hakuna kinachomtambulisha mtafiti haraka kuliko kuonyesha mwenyewe pale ambapo hoja yake inaweza kuvunjika.

Kisha soma. Wapo waliokwisha kutafiti ukubwa wa chupa, ya dozi 5 dhidi ya ya dozi 10, na wapo waliohesabu fursa za chanjo zinazopotea kituoni. Wasome wote unaoweza kuwapata, uandike kila mmoja ameacha wapi. Usikate tamaa ukikuta kuna aliyekutangulia. Maana yake lipo eneo la utafiti, na wapo watu wanaoweza kukusimamia. Majina utakayoyaona yakijirudia kwenye makala hizo ndiyo orodha yako ya wasimamizi. Rasimu yako imeanza na vyuo vyenye sifa, halafu ukatafuta mhadhiri ndani yake. Mimi ningeenda kinyume: kwanza swali, pili wanaoshughulika na swali hilo, tatu vyuo walipo.

Ukiwapata, waandikie. Barua pepe fupi: wewe ni nani kwa sentensi moja, swali lako kwa sentensi mbili, umesoma nini katika kazi yao na ilikugusa wapi, halafu uulize kama mwaka ujao wanapokea wanafunzi. Uingereza na nchi nyingi zenye mfumo kama wake, hatua hii ni karibu ya lazima, kwa sababu unaomba ukiwa na pendekezo la utafiti na msimamizi tayari, na unaingia kwenye utafiti moja kwa moja kwa miaka 3 au 4. Marekani unaanza na masomo ya darasani kwa takriban miaka 2, unafanya mtihani wa umahiri, ndipo unaingia kwenye tasnifu. Yote hayo hufika miaka 4 hadi 6, na maombi ya shule nyingi za afya ya umma hupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao SOPHAS. Hata huko barua pepe husaidia. Wengine hawatajibu. Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha endelea na wengine.

Ila usijifunge kwa mtu mmoja. Msimamizi wangu alihama chuo nikiwa mwaka wa pili, na miezi minane nilikuwa kama yatima pale idarani mpaka mwingine aliponipokea. Hakunikosea, maisha yalimpeleka. Tangu hapo nimewaambia wote: chagua mahali penye watu wawili au watatu wanaoweza kuisoma kazi yako. Na kabla ya kukubali, zungumza na wanafunzi wake wa sasa bila yeye kuwepo. Waulize anachukua muda gani kurudisha rasimu, na waliomaliza wako wapi.

Umeniuliza pia kuhusu shahada mbili za uzamivu, PhD na DrPH (udaktari wa afya ya umma). Ya kwanza inakutengeneza uwe mtafiti na mwalimu. Ya pili imekusudiwa watu wa uongozi na utekelezaji, wanaotaka kurudi wizarani, kwenye mashirika au kwenye mipango ya afya wakiwa na uwezo wa kutumia ushahidi kufanya maamuzi. Mara nyingi inadai uzoefu wa kazi na inaruhusu kusoma huku ukiajiriwa. Usiamini anayekuambia moja ni ndogo kuliko nyingine. Kwa jinsi ninavyokufahamu, wewe hutulii mpaka ujue jambo limetokeaje, kwa hiyo ningekuelekeza kwenye PhD. Kama moyo wako uko kwenye kubadilisha mpango mzima wa chanjo kutoka juu, basi ni DrPH, na swali lako hilo hilo litakufaa.

Kuhusu wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo: vyuo vingi vinataka barua tatu. Umemweka mkurugenzi kwa sababu ya cheo chake, naye, kwa maneno yako, hakujui vizuri. Mwondoe. Barua inayosema tu kwamba una nidhamu na unawahi kazini inakudhuru kuliko kukosekana kwake. Mweke yule mtakwimu uliyekesha naye mkisafisha data, aliyekuona ukigundua takwimu za miezi miwili zimenakiliwa; huyo ana kisa cha kusimulia. Muombe mapema, angalau wiki sita kabla, na umuulize waziwazi kama ataweza kukuandikia barua yenye nguvu. Akisitasita, mshukuru na umtafute mwingine.

Fedha usione haya kuziulizia. Programu nyingi za PhD hulipa ada na kukupa posho, nawe unafanya kazi ya kufundisha au kusaidia utafiti. DrPH mara nyingi mwanafunzi hujilipia. Lakini inatofautiana mno, kwa hiyo usikubali nafasi kabla hujaona kwa maandishi ada inalipwa na nani, posho ni ya miaka mingapi, bima ya afya imo au haimo, na mwaka wa ziada ukihitajika itakuwaje. Nimewaona watu wenye akili nzuri wakiacha mwaka wa tatu kwa sababu hawakuuliza la mwisho. Matokeo ya mtihani wa lugha na nakala za matokeo zako zilizothibitishwa shughulikia sasa, zinachelewesha watu bila sababu. GRE, ule mtihani wa Marekani wa kuombea shahada za juu, shule nyingi zimeuacha. Angalia kila moja.

Jambo moja limenisumbua tangu ile simu, nami naona huenda ndilo litakalobeba barua yako. Fomu zenu za kuhesabia zinahesabu dozi zilizotolewa. Mtoto aliyerudishwa bila kuchanjwa anaandikwa wapi? Kama haandikwi popote, basi katika takwimu mtoto yule hakufika kituoni siku ile, na mama yake ataonekana kama mama asiyejali. Usianze kukusanya majina ya mtu yeyote. Hilo linahitaji kibali cha maadili na utakiomba wakati wake. Lakini kesho ukiingia zamu, fungua rejista uangalie kama kuna safu yoyote inayomwona mtoto huyo, kisha umuulize muuguzi mkuu yeye na wenzake wanamkumbukaje. Jibu lake liandike kama atakavyolisema. Nitumie Jumapili, pamoja na sentensi mpya ya kwanza.

Shangazi yako