Gesi ya ardhini haipimwi mara moja

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimesoma kimya habari zenu za nyumba zinazojengwa juu ya madampo ya zamani, lakini ile ya majuzi imenishinda. Mmetangaza kiwanja kuwa salama kwa sababu methani, gesi inayolipuka itokayo kwenye taka zinazooza, ilipimwa mara moja ikakutwa chini ya asilimia 1. Mara moja! Wala hamkusema siku hiyo mgandamizo wa hewa ulikuwa unapanda au unashuka.

Hilo ndilo swali la kwanza. Mgandamizo ukipanda, gesi hubaki ardhini. Ukishuka kwa kasi, hutoka na kupenya popote penye ufa. Huko Loscoe, Uingereza, tarehe 24 Machi 1986, ulishuka takriban milibari 29 ndani ya saa 7. Gesi ya dampo la jirani ikaingia chini ya nyumba, ikalipuka, na watu 3 waliokuwa ndani wakajeruhiwa vibaya. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na chumba kidogo kilichofungwa hakichelewi kufika hapo. Kwa hiyo kisima cha kupimia, yaani bomba lenye matundu lililozikwa ardhini na kufungwa kwa vali juu, kirudiwe kwa miezi, na baadhi ya siku ziwe za mgandamizo unaoporomoka. Mpimaji aanze na mtiririko, yaani kasi ya gesi kutoka kisimani, vali ikiwa bado imefungwa, afuatishe methani, kaboni dioksidi na oksijeni, kina cha maji akiache mwisho, maana akifungua kifuniko mapema gesi imeshamtoroka. Maji yakiwa yamefunika matundu yote ya bomba, anachopima ni hewa ya bomba tu, na tarakimu hizo zitupwe.

Tena asilimia peke yake haitoshi. Izidishwe kwa mtiririko: asilimia 8 ikitoka lita 2 kwa saa ni lita 0.16 za methani kwa saa, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha 0.07 ambacho Waingereza hukitumia kwa daraja la hatari ndogo kabisa.

Na mbona mnaandika methani tu? Kule Gorebridge, Uskoti, ilikuwa kaboni dioksidi kutoka migodi ya zamani ya makaa. Wakazi waliugua, nyumba 64 zikabomolewa. Kuwauliza wakazi kama wanasikia harufu nako hakusaidii: kaboni dioksidi haina harufu, na hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa pua kuinusa.

Halafu kuna mafundi bomba. Utando wa kuzuia gesi hutandikwa vizuri chini ya sakafu, kesho yake anakuja mtu kuutoboa apitishe bomba la maji, anamwaga zege, na hakuna anayekagua wala kuziba.

Basi kila mnapochapa neno “salama”, chapeni chini yake mistari minne: vipimo vilichukuliwa mara ngapi, mgandamizo ulikuwaje kila siku, kina cha maji kisimani, na nani alikagua utando kabla ya zege kumwagwa. Mkikosa mstari mmoja, habari isubiri.

Msomaji wenu wa siku nyingi