Salim, usinunue ile turbo kubwa

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na ile picha ya turbo unayotaka kuifunga kwenye pikipiki yako ya theluji, uliyoizungushia kalamu nyekundu, nimeitazama sana. Nakujibu upesi kabla hujalipa, maana naona unaelekea kule kule nilikopita mimi, nami nilirudi na pistoni imetoboka.

Nianze na hesabu ya mlima. Usawa wa bahari, hewa ina presha ya bar 1 hivi. Ukifika mita 3,000 inabaki kama 0.7, na injini yako ya cc 850 inakuwa imepoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Hilo unalijua, ndiyo maana unataka turbo, iisukumie injini hewa zaidi. Sasa tazama: turbo iliyopangwa kuongeza bar 0.5 inaipa injini 1.5 kule chini, lakini kule juu inaipa 1.2 tu. Na hiyo 1.2 imeitolea jasho zaidi, kwa sababu kuitoa hewa 0.7 hadi 1.2 ni kuizidisha mara 1.7, wakati kule chini ilikuwa mara 1.5. Kwa hiyo muuzaji akikutajia bar zake, muulize amezipima kwenye mwinuko gani. Ski-Doo, watengenezaji wa pikipiki za theluji, walipotoa injini yao ya 850 E-TEC Turbo mwaka 2020, walichoahidi ni kwamba zile nguvu za farasi 165 hazitapungua mpaka karibu mita 2,400. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha turbo nzuri ya mlimani: kukurudishia kile ambacho mlima umekunyang'anya.

Wewe unapita katikati ya miti, kwenye theluji laini. Unabonyeza gesi kwa gumba, unaachia, unabonyeza tena. Turbo kubwa inachelewa kuamka. Unabonyeza, hupati kitu, kisha nguvu zote zinakuja kwa mkupuo wakati mti uko mbele yako. Chukua ndogo inayoitika mara moja. Halafu hakikisha inafungwa baada ya lile tumbo la ekzosi, pale bomba la moshi linapovimba, si kabla yake, kwani injini ya mipigo miwili kama yako inalitegemea tumbo hilo kurudisha mchanganyiko ndani ya silinda. Uliza pia turbo inapata wapi oili yake. Injini yetu haina oili inayozunguka kama ya gari, hivyo lazima kuwe na njia ya kuilainisha, na ikikauka beringi zake hazidumu.

Pistoni yangu sasa. Nilinunua seti nikaambiwa imeshapangwa, nifunge niondoke. Siku moja kabla ya kuharibika nilifungua plagi, nikaona kwenye kauri yake nyeupe vijichembe vinavyong'aa, vidogo kama pilipili iliyosagwa. Nikavipangusa kwa kitambaa, nikairudisha. Salim, ile ilikuwa aluminiamu ya pistoni yenyewe! Injini ilikuwa inagonga, mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, nami siisikii kwa kelele za ekzosi. Kesho yake, katikati ya mpando, ikazima. Tulipofungua silinda, ukingo wa pistoni upande wa ekzosi ulikuwa umeliwa kama umetafunwa na panya.

Kwa hiyo pesa utakayookoa kwenye turbo iweke kwenye mafuta: pampu yenye nguvu, injekta za kutosha, na petroli yenye okteni kubwa. Hewa 14.7 kwa petroli 1 ni hesabu ya vitabuni. Turbo ikishaanza kusukuma nataka nione 12 au chini kidogo. Lakini usikiamini peke yake kile kipimo cha mchanganyiko kinachofungwa kwenye ekzosi, kwani katika mipigo miwili kuna mchanganyiko mbichi unaotoroka na moshi na kukidanganya. Weka na kipimajoto cha ekzosi, na usome plagi kila siku. Anza na presha ndogo, panda polepole, na ukikuta chembe hata moja inang'aa, rudi nyuma siku hiyo hiyo.

Klachi usiisahau, wengi ndipo wanapokwama. Nguvu zikiongezeka, vizito vile vile vya zamani vilivyo ndani ya klachi vitaiacha injini ikimbie kupita mizunguko yake. Kama yako inataka 8,000 kwa dakika na unaiona 8,300, ongeza uzito, gramu chache kwa wakati mmoja, ujaribu kwenye mpando ule ule. Ukisimama, zima injini kisha ushike mkanda wa klachi. Ukikuchoma, unateleza, na nguvu zako zinaishia kuwa joto.

Ukishaifunga, nipigie picha za plagi zote mbili kwa karibu, kabla hujazipangusa, na uniandikie mwinuko uliokuwepo. Nitakujibu usiku huo huo.

Ndugu yako,
Idrisa